Historia ya Gurudumu Lililokwisha Kutumika

Somo hili ni lenu, ndugu wanafunzi wa Kiruruma, na ninyi wa Kayanga, wa Omurushaka na wa Nkwenda, na wote mnaosikiliza katika vilima vya Karagwe na Kyerwa. Mwalimu wa darasa, tafadhali shika chaki, maana leo tuna tarakimu za kuandika ubaoni. Atakayekosa kusikia vizuri kwa sababu ya mvua juu ya bati, ataisoma habari hii katika karatasi mtakazogawiwa.

Somo letu ni historia ya gurudumu, na hasa gurudumu ambalo mtu mmoja amekwisha kulitumia, kisha akamwuzia mwingine. Najua mtu atacheka, aseme historia ni habari za wafalme na vita. Basi asiwe na wasiwasi. Mfalme yumo, na vita vimo.

Tuanze na mfalme. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe, wakapokewa vizuri na Omukama Rumanika katika mji wake wa Bweranyange. Walikuja na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mali ile ililetwa kutoka pwani vichwani na mabegani mwa wapagazi. Speke aliondoka kwenda Buganda mwezi wa Januari 1862. Grant alibaki, maana mguu wake ulikuwa mgonjwa sana. Alipoweza kusafiri mwezi wa Aprili, alibebwa na watu kwa machela. Fikirini jambo hilo. Mgeni wa mfalme, tena mwenye mali, hakuwa na namna ya kusafirishwa ila mabega ya wanadamu wenzake.

Je, watu wa Karagwe walikosa akili ya kufanya gurudumu? Sivyo hata kidogo. Wahunzi wao walikuwa mashuhuri. Henry Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanika, akaona sanamu za wanyama na ndege za shaba, na mikuki iliyofuliwa kwa ustadi. Watu wawezao kufua hivyo wasingeshindwa na duara la mti. Lakini gurudumu peke yake halina kazi. Lataka barabara, na lataka mnyama wa kulikokota. Njia zilikuwa za miguu, na penye mbung'o ng'ombe hawaishi. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kupeleka magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka pwani ya Saadani kwenda Mpwapwa. Ng'ombe wakafa, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi.

Sasa twende Ulaya kidogo, tupate kitu kimoja, kisha turudi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1880 mganga wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, alitengeneza tairi la mpira lenye upepo ndani kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Hilo ndilo lililofungua njia. Tairi lenye upepo hupita juu ya jiwe bila kumvunja mpandaji mgongo, na halihitaji barabara laini kama magurudumu ya chuma. Mwaka 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akakusudia kulivuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, kwenye bahari ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Safari ilichukua karibu miezi 21. Mtu wa miguu asingechelewa sana kuliko yeye, lakini gurudumu lilikuwa limepita.

Huku kwetu gurudumu liliingia hasa kwa baiskeli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ilitawaliwa na Mwingereza, na kahawa ikawa fedha. Bei ya kahawa ilipopanda sana katika miaka ya mwanzo ya 1950, mkulima aliweza kununua baiskeli ya Raleigh iliyotengenezwa Nottingham, akapakia mkungu wa ndizi nyuma, akaenda zake sokoni. Baiskeli ilipochoka haikutupwa. Rimu yake ilihamia baiskeli nyingine. Tairi lililokwisha lilikatwa likawa katambuga. Mpira wa ndani ulichanwa vipande vya kufungia mizigo, kama mnavyoona mpaka leo nyuma ya pikipiki. Hiyo ndiyo biashara ya kwanza ya gurudumu kuukuu, nayo ilitokana na uhaba.

Uhaba mkubwa ulikuja na vita. Mwezi wa Februari 1942 Wajapani waliitwaa Singapore. Mashamba ya mpira ya Malaya yakawa mikononi mwao, na Waingereza wakakosa mpira. Hapa Tanganyika mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu wakati wa Mjerumani yalifunguliwa upya, miti ikagemwa tena, na matairi yakagawiwa kwa kipimo. Mtu aliyekuwa na tairi kuukuu lenye uhai alikuwa na mali.

Miaka ilipita, tukapata Uhuru, na mwaka 1971 kiwanda cha General Tyre kilianza kutoa matairi Arusha. Lilikuwa jambo la fahari. Lakini mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na mapema mwezi wa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Wazee wa huku hawahitaji kuelezwa daraja la Kyaka ni nini.  Vita vilikwisha mwaka 1979, ila fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha nazo. Sabuni ilikuwa adimu, na tairi likawa adimu zaidi. Tairi lilitembea mpaka likawa kipara, likashonwa, likatiwa kiraka ndani, likatembea tena. Mwaka 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyeficha bidhaa stoo alikuwa na hofu.

Hapa nataka mweke alama katika karatasi zenu, maana ndipo jambo la leo lilipo. Mnunuzi wa gurudumu kuukuu, tangu siku za Raleigh mpaka mwaka 1983, hakuwa na haja ya kusoma. Alimjua muuzaji, na baba yake alimjua pia. Alilishika tairi kwa mikono yake, akaligonga, akalivingirisha uani. Akidanganywa, aliijua nyumba ya kwenda kulalamika. Kujuana ndiko kulikuwa hati yake.

Kisha mambo yakageuka. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Zikaanza kuingia motokaa zilizotumika Japani. Sababu ni mbili, wala si siri. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi. Tena, gari la Mjapani hukaguliwa na serikali lipatapo miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Basi wengi huona ni afadhali kuuza. Kiwanda cha Arusha kilikuja kusimama kabisa kufikia mwaka 2009, lakini magari yalizidi kuingia.

Magari hayo yalileta kitu kipya: rimu za kujipambia. Rimu ya kawaida itokayo kiwandani ni ya chuma. Hii nyingine ni ya alumini, nyepesi, yenye maumbo ya nyota au ya maua, na mwenye gari huinunua kando ili gari lake lisifanane na la jirani. Ettore Bugatti alizitumia rimu za alumini kwenye magari yake ya mashindano mwaka 1924. Afrika Mashariki tulipata hamu hiyo kwa mashindano yaliyoanza mwaka 1953, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, na Shekhar Mehta mara tano. Kijana aliyesimama kando ya barabara akala vumbi la magari yale hakusahau yalivyofanana. Mtoto wake leo ana Subaru, au anaiota.

Simu ya mkononi ilikamilisha kazi. Mwaka 2008 M-Pesa ilianza Tanzania, na mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Sasa wapenzi wa magari wana makundi yao kwenye simu. Mmoja amechoka na rimu zake, anazipiga picha. Mwingine aliye Kayanga anaziona, naye yuko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Gerezani au Ilala. Hawajaonana. Pengine hawataonana kamwe. Fedha hutangulia kwa simu, rimu hufuata kwa basi.

Ile hati ya kujuana imekwenda wapi? Mimi naona imehamia kwenye maandishi. Rimu na tairi vimeandikwa, na yule asomaye maandishi hayo ana nguvu ambayo babu yake aliipata kwa kumjua muuzaji.

Mwalimu, andika tangazo hili ubaoni. Ni mfano tu, lakini mmeyaona ya namna hii:

Habari wakuu. Nauza rimu spoti 4, inchi 15, tundu 5, safi kabisa, matairi mazima. Zinaingia Noah, Premio, Subaru. Bei maelewano. Nicheki inbox kaka.

Someni pamoja. Nitangoje.

Sasa tulichunguze kama kaka mkubwa amchunguzavyo posa wa dada yake. Maneno "safi kabisa" hayana kipimo, tuyaache. Inchi 15 ni kipenyo cha rimu, pale tairi linapokaa. Tundu 5 ni matundu ya bolti. Mpaka hapo vema. Lakini asemapo zinaingia Noah, Premio na Subaru zote, amesema lisilowezekana, na mwenye kusoma atamkamata hapo hapo.

Chukueni matundu hayo matano, mchore duara lipitalo katikati ya kila tundu. Kipenyo cha duara hilo ndicho mafundi wakiitacho PCD. Toyota Premio ina milimita 100. Toyota Noah ina milimita 114.3. Zote zina bolti tano, na katika picha zinafanana kama mapacha, lakini rimu ya moja haiingii katika nyingine. Namna ya kupima ni hii. Kwa matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Kwa matundu matano hakuna tundu linalokabili jingine, na hapo ndipo wengi hupotea. Pima kati ya tundu na jirani yake. Ukipata kama milimita 59, hiyo ni ya 100. Ukipata kama milimita 67, hiyo ni ya 114.3. Tofauti ni milimita 8, unene wa penseli na zaidi kidogo, nayo yatosha kukupotezea fedha za msimu mzima wa kahawa.

Je, Premio na Subaru? Subaru nyingi za Impreza na Forester za zamani zina PCD ya 100, basi mtu atasema zinaingiliana. Tazameni tundu kubwa la katikati. La rimu ya Premio ni milimita 54.1, na la Subaru ni 56.1. Rimu ya Premio haitapita kwenye kitovu cha Subaru. Rimu ya Subaru itapita kwenye Premio, lakini italegea katikati, na bila pete ya kuziba nafasi hiyo gari litatetemeka. Basi usimwulize muuzaji, "Zinaingia gari gani?" Mwulize, "PCD ngapi, na tundu la katikati milimita ngapi?" Asiyejua, mwombe apime mbele ya picha, rula ikionekana.

Ombeni pia picha ya mgongo wa rimu. Uso huonyesha uzuri. Maandishi yako nyuma. Huko mtaona labda 15x6J, yaani kimo cha inchi 15 na upana wa inchi 6. Mtaona pengine herufi ET na tarakimu, kwa mfano ET45. Hiyo yaeleza ni milimita ngapi uso unaofungwa kwenye gari uko mbali na mstari wa kati wa rimu. Tarakimu ikipungua sana kuliko ya rimu ya asili, gurudumu litachomoza nje, lisugue bodi ya gari penye shimo. Mkiona herufi JWL, rimu hiyo ilitengenezwa kwa kufuata kanuni za Japani za rimu za alumini.

Mgongo huonyesha na majeraha. Rimu ya chuma ikipiga shimo hupinda, na fundi hodari ataigonga ikakubali, kama wahunzi wa Rumanika. Alumini haina tabia hiyo. Ikipigwa sana hupasuka, na ufa mwembamba kama unywele huanzia ukingo wa ndani, mahali ambapo picha ya uso haifiki. Wengine huchomelea ufa, hupaka rangi ya fedha, huuza. Sikatai kwamba yuko fundi awezaye kuchomelea vizuri. Nakataa kumpa mtoto wangu gari lenye rimu hiyo akateremka nalo mlima. Barabara ya Kyaka hadi Bugene, karibu kilomita 59, sasa ni ya lami, nasi twashukuru, lakini lami huwapa watu mwendo, na gurudumu lipasukalo kwenye mwendo halimpi dereva nafasi ya kutubu.

Haya, matairi "mazima". Kwenye ubavu wa tairi tafuteni herufi DOT. Mwisho wa mstari huo mtakuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka. Mwalimu, andika 2312. Hilo lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2012. Hata kama meno yake ni marefu, mpira wake umezeeka, kama kamba iliyoachwa juani. Mwandiko huu wa tarakimu nne ulianza na matairi ya mwaka 2000. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya hapo, usilinunue hata kwa shukrani. Andika tena, mwalimu: 195/65R15 91H. Yule 91 ni cheo cha mzigo, maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 615. Mwenye kupakia ndizi na watu kumi katika Noah na apige hesabu hiyo usiku akiwa peke yake.

Sasa nasema na wewe uuzaye, kwa maana Kiruruma wauzaji wapo pia. Usingoje kuulizwa. Andika PCD, tundu la katikati, ET, na zile tarakimu nne za kila tairi, maana manne huenda yakawa na umri wa namna nne. Kama rimu moja imechomelewa, sema ni ipi, upunguze bei. Piga picha ya mgongo, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo iwe kando yake, ili mnunuzi ajue hukuichukua picha hiyo kwa mtu mwingine. Katika makundi haya wapenzi wa magari hukutana tena na tena, na jina la mtu huenda mbali kuliko basi.

Nawe unayenunua, ukiwa na ndugu Dar es Salaam, mwambie, "Shangazi, mwombe binamu apite Ilala akanitazamie," na umtumie vipimo kwa maandishi. Bei ikiwa ndogo mno, uliza rimu zilitoka gari gani na mwenye gari ni nani. Magurudumu huibwa usiku, gari likaachwa juu ya mawe, na apokeaye mali ya wizi huku akijua ana kosa mbele ya sheria. Anunuaye Kampala, kwenye soko la Kisekka, akumbuke kwamba Mutukula na Murongo kuna forodha. Na zile jumbe mlizoandikiana msizifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yakubali kwamba mapatano yaweza kufanywa kwa njia hiyo, basi maneno ya simu ni maneno ya kweli.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi aende kwenye kijiwe cha bodaboda au kwa jirani mwenye gari, aombe ruhusa kwa adabu, anakili katika daftari tarakimu nne zilizo baada ya herufi DOT. Alete darasani. Mwalimu atazipanga ubaoni toka tairi kuukuu hadi jipya, na mwenye kuukuu kuliko yote aambiwe na yule aliyenakili, jioni ile ile, kabla hajaondoka na abiria. Juma lijalo tutasoma maandishi yaliyo kwenye gunia la mbolea. Kwaherini.